Tyubu ya taa ikiungua usiivunje: niliyoongea Jumamosi ya usafi hapa Moshi

Haya niliyasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya usafi, tukiwa tumekaa chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Watu kadhaa wakaniomba niyaandike wayarushe kwenye magrupu ya wasapu, kwaiyo nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, maswali nimeyaacha palepale yalipoingilia.

Mwenyekiti wetu, wajumbe, bwana afya wa kata, wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Poleni na kazi, ule mtaro ulikuwa umeziba tangu masika na leo maji yanapita, hongereni sana.

Mi ni fundi umeme, wengi mnanijua, nyumba nyingi hapa nimeshapanda ngazi ndani yake. Leo nimeomba dakika chache kwa sababu ya kitu kilichotokea kama lisaa limoja lililopita pale mtaroni. Tulitoa tyubu tatu kwenye tope, zile ndefu za futi nne, mbili zilikuwa zimeshavunjika na moja nzima kabisa, kijana wetu mmoja akaichukua ile nzima akaipiga kwenye jiwe ili ilie, ikalia kweli kama baruti, watoto wakashangilia wakakimbilia kuangalia ule unga mweupe, mwingine akaushika akajipaka mkononi. Simsemi vibaya yule kijana jamani, hakuna mtu aliyewahi kumwambia, na mi mwenyewe nilifanya kitu kibaya zaidi ya hicho nikiwa na umri kama wake.

Niwaambie. Nilipokuwa najifunza kazi tulipata kibarua cha kubadilisha taa kwenye jengo moja la ofisi, tyubu zilizoungua zilikuwa nyingi, zinakaribia hamsini, na zilikuwa hazienei kwenye pipa la taka, basi tukaambiwa tuzivunje ziingie. Tukaingia kwenye stoo, tukafunga mlango ili vioo visiruke nje, tukaanza kupasua moja moja kwenye mdomo wa pipa, ilikuwa kama mchezo, moshi mweupe unapanda tunacheka. Tulipomaliza tukajifuta uso kwa mikono ileile, tukatoka tukala maandazi na chai. Miaka imepita mingi, mpaka leo nikikumbuka ule mlango tuliofunga naumia, kwa sababu sasa najua tulichokuwa tunavuta mle ndani.

Ile ni zebaki. Nadhani hilo jina hapa kila mtu ameshalisikia, ni ileile wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya wanakamatishia dhahabu, ni ileile iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani vya kioo, ile fedha inayotembea. Kwenye tyubu haionekani kwa sababu ni kidogo na nyingine iko kwenye hali ya mvuke. Taa inavyofanya kazi ni hivi: ukiwasha, umeme unapita kwenye ule mvuke wa zebaki, zebaki inatoa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, ule mwanga unagonga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, na unga ndo unang'aa mnaona chumba cheupe. Kwaiyo bila zebaki tyubu haiwaki, sio kwamba kiwanda kimeweka uchafu humo, ndo kazi yake. Na inalia ukiipasua kwa sababu ndani hewa imetolewa karibu yote, hewa ya nje inaingia kwa kishindo. Zile enaji seva, zilizokunjwa kama chapati ya kuviringisha na zile za vidole vidole, ni tyubu hiyohiyo imekunjwa, hazina tofauti. Tulizifunga nyingi sana hizo kuanzia kipindi cha mgao wa 2006, kila mtu alitaka taa inayokula umeme kidogo, na ni kweli zilisaidia, enaji seva ya wati 15 inatoa mwanga kama balbu ya uzi ya wati 60. Ila zote zile zimeungua sasa au zinaungua, na swali ni ziko wapi.

Sasa sitaki mtu atoke hapa na hofu ya bure. Enaji seva moja ina zebaki kama miligramu 4 hivi, nyingi hazizidi 5, ni kitone ambacho kingekaa kwenye ncha ya peni. Kipimajoto kimoja cha zamani kilikuwa na miligramu kama 500, yaani zaidi ya enaji seva mia moja. Tyubu ndefu zinazidi enaji seva, hasa zile za zamani. Na taa ikiwa nzima, inawaka au imeungua, haikudhuru kwa chochote, unaweza kuishika, kuifuta vumbi, kuiweka juu ya kabati mwaka mzima. Shida yote inaanza kwenye kuvunjika. Hilo ndo jambo langu la leo, hata mkisahau mengine yote: taa ikiungua, ibaki nzima mpaka ifike kwa mtu anayejua kuifungua.

Ikivunjika zebaki inaruka yenyewe. Haihitaji moto, joto la kawaida la chumba linatosha kuigeuza mvuke, na mvuke huo hauna harufu wala rangi, hukohoi, huwashwi macho, kwaiyo hakuna cha kukustua. Ukiuvuta, sehemu kubwa, kama asilimia 80, inabaki mwilini, inaingia kwenye damu inaenda kwenye ubongo na figo. Mtu mzima akivuta kidogo mara moja mwili unaitoa polepole, ila mtoto mdogo ubongo wake ndo unajengwa, na mtoto anatambaa, pua yake iko palepale sakafuni kwenye unga. Na mama mjamzito anavuta kwa niaba ya wawili.

Kuna nyumba moja niliitwa, sitaitaja, mama ananiambia fundi njoo ubadilishe taa chumbani imedondoka. Nikafika nikakuta enaji seva ilidondokea kitandani usiku, ikavunjikia juu ya neti na shuka. Mama wa watu alikuwa ameshafanya usafi vizuri sana kwa anavyojua yeye, amechukua ufagio wa chelewa amefagia kwa nguvu, shuka amelikung'uta hapohapo chumbani, godoro amelipiga piga kwa mkono, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, na mtoto wa miezi minane amekaa kwenye mkeka anachezea kile kitako cha taa. Kila alichofanya kilikuwa kinaisambaza. Na hakuwa mzembe, alikuwa mama msafi kupita wengi, ndo maana nasema hili jambo linahitaji kuambiwa, haliji lenyewe kichwani.

Kwaiyo ikivunjika, fanyeni hivi. Kwanza watu watoke, watoto, kuku, paka, kila mtu, na mwenye kutoka asikanyage vioo akavipeleka sebuleni. Fungua madirisha na mlango wa nje, zima feni, mlango wa kwenda vyumba vingine funga, alafu na wewe utoke ukakae nje dakika kumi. Usikimbilie ufagio. Hizo dakika kumi ndo zinafanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote, ule mvuke wa kwanza unatoka na hewa. Ukirudi vaa glovu kama unazo, kama huna tumia mfuko kwenye mkono, chukua vipande viwili vya boksi gumu, kimoja unasukumia kingine unazolea, taratibu, bila kupeperusha unga. Vile vipande vidogo vidogo na unga unaong'ang'ania chukua seluteipu, bandika ng'oa, bandika ng'oa, mpaka paishe. Alafu futa sakafu na karatasi mbichi au tambara bovu ambalo hulitaki tena, maana halirudi kwenye ndoo ya deki. Vyote hivyo, vioo, boksi, seluteipu, tambara, unaviweka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ile ya jemu au ya siagi ya karanga, unakaza, unaipeleka nje ya nyumba. Ndani acha madirisha wazi masaa kadhaa, unawe mikono kwa sabuni, basi, umemaliza, lala salama.

Mama mmoja hapa mbele akauliza, je na hiyo mashine ya kufyonza vumbi, maana binti yake aliyeko Arusha anayo. Usiitumie, mama. Inanyonya zebaki inaitema nyuma kama mvuke kwenye chumba kizima, na yenyewe inabaki nayo ndani, kila siku ukiwasha inatema tena. Ufagio nao ni hivohivo, unavunja matone yanakuwa madogo zaidi na yanaruka haraka zaidi. Na shuka lililoangukiwa na vioo vyenyewe, hata kama linakuuma, liache liende na hiyo taka, usilifue pamoja na nguo za watoto. Ila nguo uliyokuwa umeivaa tu wakati unasafisha, hiyo fua kawaida.

Sasa nirudi kwenye zile ambazo hazijavunjika, maana ndo nyingi. Sisi watu wa huku tuna tabia zetu. Ukienda juu, Kibosho, Machame, Old Moshi, taka zinaenda kwenye shimo kwenye migomba, maganda, majivu, mavi ya ng'ombe, ni jambo zuri sana, ndo maana kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinazaa miaka na miaka bila mbolea ya dukani. Lakini siku hizi kwenye shimo lilelile naona betri, naona enaji seva, alafu likijaa linachomwa. Kuchoma ndo mbaya kuliko vyote, kwa sababu zebaki yote inapanda kwa mara moja na anayechoma amesimama palepale. Wengine wanadumbukiza kwenye choo cha shimo wakidhani wameficha. Na huku mjini tunaweka kwenye kiroba cha taka, gari linapita, wale vijana wa gari wanashindilia kwa miguu, inapasukia usoni mwao, na isipopasuka hapo inapasukia dampo, ambako kuna watu wanaokota makopo na chupa kwa mikono mitupu, wapo kina mama na watoto wa shule. Nimeona kwa macho yangu mtu anavunja tyubu ili atoe vile vikofia vya bati vya mwishoni akauze chuma chakavu, vikofia ambavyo uzito wake ni kama hakuna. Inaniuma sana hiyo, mtu kuuza mapafu yake kwa hela isiyofika hata ya andazi.

Na maji. Mji wetu uko kwenye mteremko, kila kinachodondoka hapa mvua inakiteremsha. Mito ya Rau na Njoro inamwagilia mpunga Mabogini na Chekereni, mchele ambao sote tunakula, mto Karanga nao unateremka mpaka unaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kule perege wanakotoka. Zebaki ikifika kwenye matope ya chini ya maji, kuna bakteria wanaigeuza kuwa aina nyingine mbaya zaidi, inaingia kwa wadudu, samaki mdogo anakula wadudu, mkubwa anakula mdogo, kila hatua inajikusanya zaidi, na wa mwisho kwenye foleni ni mtu mwenye ugali. Sisemi perege wetu wana sumu, hapana, kuleni samaki. Nasema njia ni hiyo, na kuna watu ilishawafika.

Kule Japani kuna mji wa wavuvi unaitwa Minamata. Kiwanda cha kemikali kilimwaga maji yenye zebaki baharini kwa miaka mingi, mwaka 1956 ndo ugonjwa ukatangazwa rasmi, lakini paka walikuwa wameanza kabla ya watu, wanatetemeka, wanazunguka kama wanacheza, wanadondoka baharini. Alafu watu, mikono inatetemeka, macho yanaona kama kwenye bomba, maneno hayatoki. Na kina mama ambao wao wenyewe walionekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika, kwa sababu zebaki ilipita kwao ikaenda kukaa kwa mtoto. Kile kilikuwa kiwanda, sio taa, kiasi hakilinganishwi kabisa, ila zebaki ni hiyohiyo, haiozi, haigeuki kuwa kitu kingine kizuri hata ukiisubiri miaka mia.

Kwa sababu ya mji ule, mwaka 2013 nchi nyingi zilikubaliana mkataba unaoitwa wa Minamata, ukaanza kufanya kazi 2017, na Tanzania tukauridhia 2020. Na hili nataka mlijue kwa sababu linanipa fahari: pendekezo la kuziondoa hizi taa kwenye mkataba lilipelekwa na nchi za Afrika. Sisi ndo tuliokuwa tunaletewa taa ambazo wenzetu wameshaacha kuzitumia, tukasema inatosha. Enaji seva za kawaida mwisho wake uliwekwa 2025, tyubu ndefu zote mwisho ni 2027, kutengeneza na kuingiza nchini. Kwaiyo zinaondoka madukani. Lakini zilizoko kwenye dari zenu haziondoki kwa mkataba, zinaondoka kwa mikono yenu, na miaka hii miwili mitatu ndo zitadondoka nyingi kwa wakati mmoja maana kila mtu anahamia LED.

LED haina zebaki. Msichanganye. Siku hizi kuna tyubu za LED zinafanana kabisa na za zamani kwa umbo, ukiiangalia kwa karibu LED ina mstari wa vidoti vidoti ndani au upande mmoja wa mgongo ni bati au plastiki, ya zamani ni kioo pande zote na ikiungua mwishoni inakuwa nyeusi kama imeshikwa na masizi. Ukiwa na wasiwasi soma maandishi karibu na kitako au kwenye boksi, ukiona herufi Hg basi hiyo ndo yenyewe, Hg ni alama ya zebaki. Balbu za uzi, zile za mviringo za zamani, hazina shida hii, funga kwenye gazeti isikate mtu, tupa.

Kwenye kutoa taa nina neno moja la fundi. Zima swichi, subiri ipoe, na enaji seva usiishike kwenye kile kioo kilichokunjwa ukazungusha, inakatikia mkononi, shika kile kitako cheupe cha plastiki. Tyubu shika pande zote mbili, zungusha robo, ishushe usawa. Mzee asipande ngazi. Ukishatoa, irudishe kwenye boksi la ile mpya uliyonunua, saizi ni ileile, ndo kifungashio bora kuliko vyote. Huna boksi, zungushia gazeti, funga na uzi, weka mahali mtoto hafiki na mpira haufiki. Choki ya zamani, lile dude zito linalopunguza umeme unaoingia kwenye tyubu, ndani yake kuna shaba, hiyo wapeni watu wa chuma chakavu bila wasiwasi wa zebaki.

Alafu ziende wapi? Hizi taa zinaweza kutengenezwa upya, zina mashine zake zilizofungwa zinazokata ncha huku hewa inavutwa ndani isitoke, kioo kinaenda peke yake, bati peke yake, ule unga unapashwa moto kwenye chombo mpaka zebaki inatoka kama mvuke, inapozwa, inarudi kuwa fedha inayotembea, inatumika tena au inahifadhiwa. Hiyo sio kazi ya nyumbani wala ya fundi wa mtaani, mtu akikwambia ananunua tyubu azivunje uani kwake usimpe. Kwa sheria yetu hii ni taka hatarishi, inabebwa na mwenye kibali, na mwenye kibali hawezi kuja Moshi kwa ajili ya enaji seva yako moja. Anaweza kuja kwa ajili ya mia tatu. Ndo maana nikaongea na mwenyekiti wiki iliyopita, amekubali tutumie ile stoo ya nyuma yenye dirisha kubwa, nimetengeneza boksi la mbao refu kwa tyubu na pipa la plastiki lenye mfuniko kwa enaji seva na zile chupa za vioo vilivyovunjika. Bwana afya yuko hapa, ameahidi mbele yenu kwamba yakijaa atapitia halmashauri na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kaskazini pale Arusha tupate orodha ya wenye kibali. Nitakuwa namkumbusha, na nyie mnikumbushe mimi.

Wenye maduka ya umeme mko hapa wawili nimewaona. Naomba kitu kimoja, mteja akija kununua taa mwambieni ile iliyoungua airudishe na boksi, mzikusanye nyuma ya kaunta, nitapita kila Ijumaa jioni kuzichukua mwenyewe.

Mzee mmoja akainua fimbo akauliza, sasa mwanangu, mi nimetupa taa kwenye shimo la migomba miaka yote tangu umeme uingie kwetu, nikafukue? Nikamjibu hapana baba, usifukue, ukichokoza ndo unavunja na kuamsha. Acha palepale, usichome tena moto juu ya shimo hilo, chimba lingine kwa ajili ya maganda, na shimo lile panda mti wa kivuli, mgomba usipande hapo. Akasema sawa, atapanda mruka.

Zile tatu za mtaroni tulizikusanya wote pamoja, kwa vipande vya boksi na ndoo ya rangi yenye mfuniko, na yule kijana aliyeipasua ndo aliyekaza mfuniko na kuipeleka stoo. Yule mtoto aliyejipaka unga nilimpeleka mwenyewe bombani tukanawa na sabuni mpaka kwenye viwiko, nikamweleza mama yake. Jioni nikiwa nafunga stoo akaja bibi mmoja wa nyumba ya pili na tyubu mbili amezifunga kwenye kanga kama mtoto, anatembea polepole, akaniambia zilikuwa chini ya kitanda tangu marehemu mume wake alipozitoa, alikuwa hajui azipeleke wapi.